Chokaa Shingoni mwa Mtani

Wazee wenzangu wa Temeke wakikutana nami bado wananikumbusha siku niliyowachekesha watu mazikoni mpaka shehe akafunika uso kwa kilemba. Wanasema hawajapata kuona tena mtani kama mie. Nawaacha waseme. Lakini sasa nimeamua kuandika, na mwandiko wangu ni wa mtu aliyeishia darasa la tatu, kwa hiyo sina maneno ya kuzungukazunguka. Siku ile sikuchekesha mtu. Siku ile mdomo wangu ulikufa, mkono wangu ukafa, na umati mzima ukanipigia makofi.

Mie ni Mnyamwezi. Nilishuka kwenye gari moshi Dar es Salaam mwaka uliofuata Uhuru, na mali niliyokuja nayo ilikuwa shingo. Nilikwenda Kurasini, bandarini, nikasimama getini alfajiri na wenzangu. Nyapara akapita akitushikashika mabega na shingo kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Yangu aliipiga kofi akasema, "Hii ipite." Juu ya shingo hiyo nikabeba kahawa, pamba, mkonge, saruji, miaka na miaka, mpaka nikawa nyapara mwenyewe. Kwa shingo hiyo nikajenga nyumba ya vyumba sita Temeke, ya udongo kwanza, halafu nikawa naivika matofali chumba baada ya chumba. Sikusaidiwa na mtu. Azimio la Arusha lilipokuja, watu wakaanza kuulizana nani mnyonyaji, balozi wetu wa nyumba kumi alikuja akawatazama wapangaji wangu, akaitazama na shingo yangu ilivyo na sugu, akasema, "Huyu kajinyonya mwenyewe." Akaenda zake.

Mtaa ule ulikuwa wa Wazaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Kwa mgeni kama mie utani ulikuwa ndio mlango wa kuingilia. Nilipohamia sikujuana na mtu. Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa fundi cherehani, anakaa barazani na mashine yake. Aliponisikia nikisema Kiswahili changu cha Tabora aliinua kichwa.

"Ewe mpagazi! Pembe za ndovu umezitua wapi?"

"Kwa shangazi yako," nikamwambia. "Kakosa kuni za kupikia mihogo."

Basi. Tangu saa ile nikawa mtu wa mtaa. Asubuhi nikipita kwenda kazini bila kutukanwa na fundi yule nilikuwaga naona kama hakujakucha sawasawa.

Msibani utani haukuwa mchezo, ulikuwa kazi. Akifa Mzaramo, mtani wake anavaa nguo za marehemu, anamwigiza alivyokuwa akitembea na kusema, anaziba njia jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Wengine wanalala ndani ya kaburi wakisema chumba hiki nimeshapanga, tafuteni kingine. Wafiwa wakicheka na machozi yakiwatoka, mtani amefanya kazi yake. Na hakuna kukasirika. Anayemkasirikia mtani msibani ndiye mwenye kosa, na anatozwa. Mie nilikuwa hodari. Nilikuwa nafuatwa kutoka Mtoni, kutoka Mbagala, mara moja hata kutoka Kiwalani, kuja kutania maiti nisiyemjua.

Sasa, fundi cherehani alikuwa na kaka yake mkubwa, nyumba ileile. Mzee huyo alipigwa na kiharusi, akawa anakaa kwenye kiti cha kamba mlangoni, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichopewa amshikie. Mkewe ndiye aliyemlisha, kumfuta, kumgeuza. Siku moja alipaliwa na uji. Ukaingia kifuani badala ya tumboni, kifua kikajaa, homa ikapanda, akafa. Fundi akaja kwangu mwenyewe kunipa habari. Hakunitukana. Alisema tu, "Mtani, kazi yako hiyo."

Nikaenda. Nikavaa kofia ya marehemu, shati lake na msuli wake, nikashika fimbo yake. Nikatoka mlangoni nikiburuta mguu, mkono wa kulia nimeulegeza, mdomo nimeupinda. Watu walikuwa wamekaa kimya kwenye mikeka, vichwa chini. Nikamwita fundi kwa sauti ile ya kaka yake, ya kukokota:

"Wee... mdogo wangu... koti langu... la Idi... umemaliza?"

Mtaa mzima ulijua koti hilo. Marehemu alilipeleka kwa mdogo wake likiwa kitambaa, Idi ikaja, Idi ikapita, na nyingine, kitambaa kikaliwa na mende. Watu walipasuka. Fundi mwenyewe alikaa chini mchangani akishika mbavu.

Nikataka kunyoosha mdomo nivute pumzi niseme jingine. Mdomo haukunyooka.

Nilidhani nimekaza sana. Nikauambia mdomo, nyooka. Nikahisi shavu la kulia halipo. Halafu fimbo ikaanguka. Sikuiachia, ilianguka yenyewe, nikaitazama ikiwa chini, nikatuma mkono ukaichukue, na mkono ukaning'inia palepale. Watu wakapiga makofi. Nikataka kusema, "Jamani, nishikeni." Nilichokisikia kikitoka ni "naa, naa," na udenda ukafuata. Ndipo kicheko kilipofika mbinguni. Bibi mmoja akanifuta udenda kwa pembe ya kanga yake, akanitunza shilingi, akarudi mkekani akijipigapiga mapaja. Shehe akafunika uso.

Fundi akanisogelea, machozi ya kicheko mashavuni, akaniinamia sikioni. "Basi, mtani, basi. Utanizika na mie leo leo."

Nilimtazama. Nilimtazama kwa macho yote mawili, na ndani ya kichwa changu nilikuwa nikipiga kelele kwa Kiswahili safi na kwa Kinyamwezi. Akanitazama hivi, akacheka upya.

Nimewahi kulala mahabusu. Nilisingiziwa gunia la sukari lililopotea bandarini, nikafungiwa mpaka lilipoonekana. Mahabusu unapiga mlango, askari anakutukana. Lakini akikutukana amekusikia. Siku ile pale msibani nilijua kwamba mlango wa mahabusu ni kitu cha heri.

Walinisogeza njiani nizuie jeneza, nikazuia, kwa kuwa sikuweza kuondoka. Wakanipa walichonipa, wakanisukuma pembeni, jeneza likapita. Lilipokuwa linaingizwa msikitini, hapohapo jirani, nilihisi kidole cha shahada kinacheza. Halafu kiganja. Halafu ulimi ukarudi, mzito, kama umelala na umeamshwa kwa nguvu. Walipotoka kuswali nilikuwa nimesimama kwenye uzio naweza kusema jina langu. Kaburini sikuingia. Wakasema leo Mnyamwezi kachoka, hata kwa kazi ile aliyoifanya anastahili kuchoka.

Sikumwambia mtu. Lakini kila nikitoka asubuhi nilikiona kile kiti cha kamba, hakijaondolewa, kiko mlangoni kitupu, kinatazama upande wa nyumba yangu. Nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana aliyesomeshwa na serikali nje, shati lake lina alama za pasi. Aliniamkia shikamoo kabla hajakaa, nikampenda kwa hilo. Nikamweleza yote, pamoja na utani. Hakucheka. Alinipima presha, akatikisa kichwa, akaweka kile chombo cha kusikilizia kifuani. Halafu akakipandisha shingoni, chini ya taya, upande wa kushoto. Akafumba macho. Akavua ile mipira masikioni mwake akaniwekea mie.

"Sikiliza, mzee."

Fwuu. Fwuu. Fwuu. Ndani ya shingo yangu mwenyewe.

"Ukiukanyaga mpira wa maji, maji yanapita kwa kelele," akasema. "Mshipa unaopeleka damu kichwani kwako umekanyagwa kutoka ndani."

Akanipeleka kupigwa picha ya eksirei. Picha ilipotoka akaiweka mbele ya taa. Nikaona mifupa yangu ya shingo, ambayo nilijua iko pale siku zote, na kando yake vidoa vyeupe vimejipanga.

"Hiyo ni chokaa. Mafuta yameganda kwenye ukuta wa mshipa, miaka mingi, halafu chokaa ya mwili ikakaa juu yake ikawa gamba. Njia imekuwa nyembamba. Kipande kidogo kikimeguka kinapanda kwenye ubongo, kinaziba. Siku ile kiliziba, kikapita. Una bahati."

"Na kikikataa kupita?"

"Utakaa kwenye kiti cha yule mzee uliyemwigiza."

Nikamuuliza kama ni magunia. Akasema magunia hayana kosa, kosa ni sigara, presha, chumvi na umri. Niseme kweli, hilo liliniudhi. Nilitaka iwe magunia. Mtu anapenda auawe na kazi yake, siyo na sigara za kununua mojamoja.

"Basi itoe hiyo chokaa," nikasema. "Pasua, kwangua, nishone."

"Hapa hatufanyi. Ulaya wanafanya, na huko nako wako wasioamka mezani."

Ulaya! Miaka ile tulikuwa tunapanga foleni ya sukari kuanzia giza, kwenye duka la ushirika, na ukifika dirishani unaambiwa imekwisha, kuna nyembe. Nikacheka mwenyewe, daktari akasubiri nimalize. Akanipa vidonge vya presha na aspirini. Akasema sigara basi, chumvi punguza, na asije mtu akanikanda shingo wala kuniumika wala kunigeuza kichwa kwa nguvu. Halafu akavuta kiti karibu.

"Hili ndilo kubwa, mzee. Siku likikupata tena hutaweza kusema. Kwa hiyo sema sasa. Waambie watu wako: mdomo ukienda upande na mkono ukianguka, wakulete saa hiyohiyo, wasingoje. Na wasikupe chochote mdomoni, hata maji. Kinachowamaliza wengi ni kupaliwa."

Nikatoka na bahasha ya picha kwapani. Kupona nilishaelewa kwamba hakupo. Kilichobaki mkononi mwangu ni kitu kimoja: niaminiwe siku nitakayoshindwa kusema. Na mie nilikuwa mtani.

Nilianza na mke wangu. Yeye aliamini upesi, ila aliamini la kwake. Akasema maiti amejibu, nimemcheza mwenye kiharusi, na kiharusi kimenisikia. Kulikuwa na mzee huko Mbagala, fundi wa kukanda, anatumia mafuta ya nyonyo, twende anikande shingo. Nikakataa. Akalia. Nikakataa tena. Basi akanifungia kwa njia yake. Akaondoa chumvi chunguni mpaka mboga ikawa kama maji ya kufulia. Nikiinua ndoo, ananinyang'anya. Nikiwa chooni muda mrefu, anagonga.

"Sema kitu!"

"Niseme nini?"

"Chochote!"

Namtukana ukoo wake, anaridhika, anaondoka. Nyumba ya vyumba sita niliyoijenga kwa shingo yangu, nikawa mpangaji ndani yake, na mwenye nyumba mkali.

Lakini mke hawi nami kutwa. Kutwa niko Kurasini, na huko sikuthubutu kufungua mdomo; nyapara mwenye shingo mbovu ni nani? Wangeniondoa jioni ileile. Uliobaki ulikuwa mtaa. Na mtaa ulikuwa baraza la fundi.

Nikamwendea na bahasha. Nikakaa kwenye benchi, nikaanza kwa upole ambao si wangu.

"Mtani, leo sina utani."

"Umekopa kwa nani?" akasema, anaendelea kukanyaga mashine.

"Nisikilize. Siku ya mazishi ya kaka yako, ule mdomo haukuwa mchezo. Mkono ulikufa kweli."

Akasimamisha mashine. Akanitazama, na nikaona kicheko kinamwanzia tumboni. "We Mnyamwezi! Maiti yetu imeshaoza, wewe bado unaifanyia kazi?"

"Wallahi nakwambia."

"Anaapa!" Akawageukia waliokuwa wanacheza bao upande wa pili. "Jamani, njooni, mpagazi anaapa!"

Nikakasirika. Nikasema ukoo wao wote hauna akili, nasema habari ya kufa, mtu ananiletea meno. Hasira yangu ndiyo ikawamaliza. Wakaja wote, bao wakaliacha. Nikaona bora ushahidi. Nikatoa picha, nikampa, nikamwonyesha vidoa vyeupe. Fundi akainyoosha juani, akafumba jicho moja kama anayetunga uzi.

"Lo," akasema taratibu. "Mchele."

"Nini?"

"Punje za mchele hizi! Sie tunapanga foleni tangu alfajiri, kumbe mwenzetu kaficha mchele shingoni! Mlanguzi! Mwiteni balozi, tumemkamata mlanguzi!"

Picha ya shingo yangu ikapita mkono kwa mkono mtaa mzima. Mmoja akasema ni super, mwingine akasema hapana, ni mchele wa Kyela, unaonekana kwa unene. Balozi akaja kweli, akaitazama picha, akacheka na yeye, na yeye alikuwa mtu mzito. Nikaondoka. Nyuma wananiita, "Mlanguzi, bei gani kilo?" Tangu siku hiyo hilo likawa salamu yangu.

Nilijaribu tena, wengine mmojammoja, kwa pembeni. Nilipoacha sigara wakasema, "Zimeadimika, anajitia kaacha." Nilipokataa kwenda kutania msiba wa Mtoni wakasema napandisha bei. Nilipokaa kimya barazani walinikodolea macho wakisubiri, na nilipoendelea kukaa kimya wakaanza kucheka, kidogokidogo, mpaka wote. Nilijijenga mwenyewe kama nilivyojenga nyumba, tofali juu ya tofali, mtu wa kuchekwa, na sikuacha mlango hata mmoja.

Mjane wa marehemu wakati wote huo alikuwa ndani ya eda. Hakutoka, hakuonana na wanaume. Hakuwako barazani siku ya picha, na siku ya mazishi alikuwa chumbani amefunikwa. Eda ilipokwisha shemeji zake wakamfanyia shughuli ndogo ya kutoka, Jumapili, turubai mbele ya nyumba, pilau, majirani wote. Mke wangu alikuwa uani na wanawake wenzake, anapakua.

Nilikaa sinia moja na fundi na wazee wawili. Nilikuwa nimekula tonge mbili. La tatu nililiminya, nikaliinua, likadondoka. Nikachukua jingine, vidole havikukutana. Nikautazama mkono na nikajua. Nikamgeukia fundi nimwambie, na shavu likawa limeshakwenda.

"Mtazameni huyu," fundi akasema. "Mnyamwezi kasahau mdomo wake uko wapi!"

"Kazoea kula akitembea, njiani," mzee mmoja akaongeza.

"Naa," nikasema.

Lo, walivyofurahi! Miezi yote ile niliwanyima, wakaona nimewawekea akiba kwa shughuli hii. Kutoka masinia mengine wakainuka kuja kuona. Fundi akaminya tonge kubwa, la nyama, akasema, "Leo wewe bwana harusi, tutakulisha," akanifungua mdomo kwa vidole vyake akalisukuma ndani. Sikuweza kulitema. Sikuweza kulimeza. Likakaa shavuni upande uliokufa, na nikahisi punje zinateremka nyuma, kwenye koo, moja, nyingine, na pumzi ikaanza kukwama. Nikakumbuka kifua cha yule mzee. Kelele za watu zikaenda mbali. Mmoja akaleta kikombe cha maji, wakakipitisha juu ya vichwa, kinakuja, kinakuja, nami siwezi hata kufunga mdomo.

Mjane alikuwa ametoka na sinia kutoka uani. Nilimwona mlangoni, kanga mpya, bado anapepesa macho kwa jua. Akanitazama mara moja tu.

Aliliachia lile sinia. Lilianguka chini, pilau yote ikamwagika mchangani, siku za njaa zile. Akapita katikati ya wanaume, mwanamke aliyetoka eda siku hiyohiyo, akapiga goti mbele yangu, akaniingiza vidole mdomoni mbele ya shemeji zake na shehe, akalichokoa tonge lote, shavuni na nyuma ya ulimi, akaniinamisha kichwa pembeni nikakohoa.

"Huyu hatanii," akasema. "Huyu hatanii! Nani anamlisha? Toeni maji hayo!"

Aliyeshika kikombe akakimwaga.

"Shemeji, mtani huyu," fundi akasema, bado ana kicheko usoni, hakijapata pa kwenda.

"Nimekaa na mdomo huu mwaka mzima na zaidi, unifundishe wewe? Tafuta gari!"

Gari Jumapili mchana! Siku zile serikali ilikuwa inabana petroli, gari la mtu binafsi likionekana barabarani Jumapili baada ya saa nane, polisi wanalo. Wakatafuta, hakuna aliyethubutu. Ndipo wakaleta mkokoteni. Makuli wawili wa gengi langu, wapangaji wangu, wakaniinua, mmoja kichwani mmoja miguuni, kama tulivyokuwa tunainua pamoja, na wakanilaza ubavu kama alivyoagiza mjane. Fundi akasukuma kwa nyuma. Alisukuma njia nzima, hakukubali kupokewa.

Nililazwa wiki kadhaa. Ulimi ulirudi nusu, halafu robo nyingine, na hiyo robo ya mwisho bado naingoja. Mkono wa kulia unashika fimbo, haushiki kalamu. Haya nayaandika kwa kushoto, ndiyo maana herufi zinalala. Kurasini waliniaga kwa mkono wa heri. Mjane alipokuja kunitazama nilimuuliza, kwa taabu, alijuaje. Akasema, "Mtu anayetania, macho yake yanatafuta nani kacheka. Yako yalikuwa yanatafuta mlango." Akanifunulia chungu cha supu isiyo na chumvi.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimepata nilichokitaka. Sasa waliniamini. Waliniamini mno. Nikichelewa kujibu salamu, mtu anasimama. Nikipiga chafya, kikombe kinaondolewa mbele yangu. Watoto wa mtaa walifundishwa. Hakuna aliyeniita mlanguzi tena, na ile picha ilirudishwa kwangu ndani ya bahasha mpya.

Asubuhi moja nilijikongoja mpaka barazani kwa fundi. Kabla sijakaa alisimama, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Tumelingana umri mie na yeye. Miaka yote ile hajapata kunipa shikamoo. Nikaona kama amenimwagia udongo wa kaburi. Nikaketi. Akakanyaga mashine polepole, jicho kwangu. Nikatafuta tusi, tusi zuri, la zamani. Nikalitengeneza kichwani, nikalisukuma kwa ulimi wangu wa robo tatu. Nikamwambia ameshona koti la kaka yake mpaka kaka kaiona sanda ndiyo nafuu. Na nikaongeza kule kupinda mdomo, kwa makusudi, kwa kuwa bila huko tusi halina chumvi.

Fundi aliruka. Mashine ikabaki inazunguka.

"Gari!" akapiga kelele. "Leteni gari! Limempata tena! Msimpe maji!"

Wakatoka majumbani, wanaume kwa wanawake. Pikapu ya duka la ushirika ilikuwa inashusha sabuni pembeni pale, wakaizuia. Mke wangu akaja anakimbia, mjane nyuma yake. Nikafungua mdomo niwaambie natania, jamani, mie mzima, nilikuwa namtania huyu mjinga. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Nikalimeza. Maana ningewaambia hivyo, siku nyingine je? Wangengoja kidogo kwanza. Wangetazamana. Mmoja angesema, muacheni, anatania. Nilishaijua hiyo "ngojeni kidogo" ilivyo, nilishakaa ndani yake.

Wakanishika makwapa. Nilikuwa mzima kuliko wote waliokuwa pale. Nikaulegeza mkono wa kulia, nikaacha mdomo ulivyokuwa, nikapanda gari.